Doa la Recho

Daktari Judith aliibandika ile filamu nyeusi kwenye taa, akaonyesha kwa ncha ya kalamu doa la kijivu ndani ya kichwa cha Recho. Halikuwa na kingo, kama chai iliyomwagikia kitambaa.

"Inaweza kuwa kovu, inaweza kuwa uvimbe. Mama arudi mwezi ujao tupige tena, tuone kama limekua."

Andongwisye alikereka. Atoke Mbozi na mke anayepasuka kichwa, afike mpaka Mbeya, kisha aambiwe *inaweza*?

"Si muikuze hiyo picha, ionekane vizuri?"

"Kukuza hakuongezi kitu, baba. Tukiigawa picha vipande vidogo zaidi, kila kipande kinatoa ishara hafifu, chenga za picha zinazidi. Tukirefusha muda, mgonjwa anatikisika, yote yanaharibika. Mashine yetu mwisho wake ni hapa."

Maelezo yote hayo, na mwanamume akasikia jambo moja tu: wananificha. Akaichukua filamu mpaka mjini Mpemba, kwa Gwamaka wa studio ya picha, anayewasafisha maharusi chunusi wakatoka na nyuso za malaika.

"Kusafisha tu, mzee? Ngoja."

Gwamaka akaipiga filamu kwa simu, akaitia kwenye kompyuta. Ikatoka picha kali, kila mkunjo wa ubongo umechorwa kama kwa wembe. Doa halikuwepo. Kompyuta iliona doa, ikafanya kazi iliyozoea.

"Mama Elina, tazama! Hamna kitu!" Andongwisye alimwambia mkewe nyumbani.

Recho aliishika picha kwa mikono miwili, akalia kwa furaha. Jumapili wakatoa shukrani kanisani. Mwezi ulipotimia, akauliza kwa upole, "Baba Elina, daktari si alisema turudi?"

"Turudi kuambiwa *inaweza*?"

Wakaendelea kuchuma kahawa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Anayeyafuta hawakumtaja, labda hawakudhani atazaliwa mjinga wa namna hiyo.

Degedege lilimwangusha Recho katikati ya mibuni, kikapu kikammwagikia. Huko Mbeya daktari alimpiga Recho picha mpya, kisha akaziweka pamoja filamu ya kwanza na picha ya Gwamaka.

"Nani kaliondoa doa?"

"Tuliisafisha, daktari."

"Mashine yangu haikujua, ikasema haijui. Hii yenu haikujua, ikasema hamna." Akazishusha. "Mngerudi siku ile, tungelikuta bado dogo, tukalitoa. Sasa limeshika pabaya."

Hakupandisha sauti. Andongwisye alitamani daktari amtukane, apate wa kugombana naye.

Recho hakumaliza msimu. Siku ya msiba Andongwisye alikwenda mwenyewe Mpemba na picha ya mkewe, ikuzwe iwekwe mbele ya jeneza. Gwamaka, asiyejua lolote, aliipokea kwa heshima akaisogeza kwenye mwanga.

"Pole sana, mzee wangu. Naona ana kidoa hapa shavuni. Nimsafishie?"

Andongwisye aliuondoa mkono wa Gwamaka juu ya picha.

"Muache," alisema. "Muache na doa lake."