Seva Ilisema Imehifadhi

Wilkista hakusaini. Barua ilikuwa mezani, imechapwa vizuri, ikidai kwamba kwa uzembe wake alipoteza rekodi za ng'ombe arobaini wa ushirika wao wa Kitale. Asiposaini, kazi hana. Akisaini, jina lake litachafuka kuanzia Endebess mpaka kwao Bungoma.

"Saini tu yaishe," alisema Mathenge, meneja.

"Yaishe kwa nani, bosi? Si kwangu."

Kazi pale ilienda hivi: wahudumu wanaopandisha ng'ombe kwa mbegu za maabara huleta vikaratasi vyenye jina la ng'ombe na la fahali. Wilkista anaingiza kwenye seva, kompyuta kuu ya ushirika, kioo kinasema "imehifadhiwa", kikaratasi kinachanwa papo hapo. Wakati wa diski za zamani hilo halikumdhuru mtu. Kisha Mathenge akaenda Bungoma, akarudi na diski mpya za SSD, zile za kompyuta za nyumbani, akazisifu wee kwa mbio zake. Mbio zilikuwepo kweli. Uongo nao ulikuwepo: diski hizo hujibu "tayari" kabla hazijamaliza kuandika. SSD za seva huwa na akiba kidogo ya umeme ya kumalizia kazi stima ikipotea. Hizi hazina, na Kitale stima haiagi ikiondoka.

Kamati ilipoketi, Chepkosgei, mama mfugaji, ndiye aliyenuna kuliko wote. Mtamba wake alipandishwa kwa mbegu ya fahali yuleyule aliyemzaa, kwa kuwa rekodi ya ukoo haikuonekana.

Wilkista alikuwa amechoka kuogopa. Aliingiza majina kumi mbele yao. Mara kumi kioo kikasema imehifadhiwa. Akainama, akachomoa waya wa stima.

"Wee! Unaharibu mali ya watu!" Mathenge alipiga kelele.

"Stima hufanya hivi kila wiki, na sijasikia ukiikemea."

Seva ilipowaka tena, kati ya ng'ombe kumi walibaki sita.

"Hiyo ni bahati mbaya tu," alisema Mathenge.

Chepkosgei alimsukuma Mathenge kando. Aliandika jina la mtamba wake kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, akangoja mpaka kioo kikasema imehifadhiwa, kisha akachomoa waya kwa mkono wake mwenyewe. Walisubiri. Seva ikarudi. Mtamba hayupo.

Mama yule aliichukua barua, akaisukuma mbele ya Mathenge pamoja na kalamu.

"Badilisha jina," alisema, "halafu usaini."