Eda ya Hamdiya

Hamdiya alifumua tena mistari ya mwisho ya shali la njano, akaifuma upya. Mtoto wa kulivaa alikwishazaliwa, na mteja, mama wa mtoto huyo, alikuwa akilisubiri, lakini vidole vilikataa kutulia, vikaruka mishono kama vya mtu anayejifunza. Masikio yake yalikuwa nje. Nyuma ya pazia, shemeji yake Azan alikuwa akizunguka uani na mwanamume mwenye utepe wa kupimia.

"Hivi vyumba viwili vya nyuma unavunja," Azan alikuwa akisema, "unapata sehemu ya kuegesha magari. Sebule iache, imejengwa vizuri."

Jana alimwambia Hamdiya kwamba watakuja mafundi wa maji.

Tangu mumewe Jaffar azikwe, Azan hakuwa na neno jingine: "Shemeji, wewe kalia eda yako. Mambo ya nje niachie mie." Mwanzoni neno hilo lilimfariji, maskini. Akajifungia na nguo zake nyeupe, akafuma. Nyumba hii ya Ukonga ilisimama kwa kofia na soksi za watoto wachanga alizofuma akauza. Jaffar alileta mchanga na fundi, saruji ikatoka kwenye sindano za Hamdiya. Mtaa mzima ulilijua hilo, na Azan alilijua kuliko wote.

Akatupa shali na sindano kwenye kiti cha sebuleni, akajitanda, akatoka.

Maalimu wa msikitini alikwishamwambia kwamba mjane mwenye dharura hakatazwi kutoka mchana. Lakini mtaa haukuwa na habari na maalimu. Wanawake waliokuwa wakichambua mchele barazani walimkodolea macho alipopita, kisha mmoja akaguna.

Mzee Nikodemu, mwenyekiti wa mtaa, alisimama alipomwona akiingia ofisini kwake.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Mama, mbona uko nje?"

"Nyumba yangu inauzwa."

"Nimesikia. Azan na nduguze walipita hapa. Wamefuata taratibu."

"Mie sikuitwa."

"Tungekuitaje, mama, nawe uko eda?" Alisema kwa huruma ya kweli, na huruma hiyo ndiyo iliyomchoma Hamdiya. "Mie Mkristo, lakini mila za watu naziheshimu. Siwezi kumkalisha mjane mbele ya wanaume nikamhoji. Rudi ndani. Ukimaliza eda, njoo tukae tuzungumze."

"Nikimaliza eda kutakuwa kumebaki nini cha kuzungumza?"

 Nikodemu alikuwa akitazama mlangoni, ambako Azan alikuwa keshafika, ameinua kanzu isiguse vumbi.

"Tuwie radhi, mwenyekiti. Majonzi haya. Twende, shemeji, watu wanatuangalia."

Njiani Hamdiya alimuuliza, "Jaffar angekuwa hai, ungethubutu?"

"Jaffar hayupo. Ndiyo maana nakusitiri."

Hamdiya alitembea mbele yake kwa haraka, karibu akimbie. Kwao hakukuwa na mtu wa kumpokea, na kazi ya kufuma ilikuwa imepungua sana tangu msiba.

Sebuleni alimkuta mwanamke amekaa, lile shali la njano liko mapajani mwake. Alikuwa mke wa yule mwenye utepe, akasema anaitwa Felicitas.

"Pole na msiba, dada. Hili umelifuma mwenyewe? Jamani, una mkono." Akalikunja vizuri, akaiangalia sebule kona kwa kona. "Humu nataka vitambaa vya makochi, rangi ya maziwa. Unaweza kunifumia kabla hujahama? Shemeji yako anasema uko ndani tu, nafasi unayo."

Hamdiya alitaka kumpokonya lile shali. Alitaka kumfukuza, apige kelele hadi wale wanawake wa barazani wamsikie. Uani Azan na mgeni wake walikuwa wakicheka. Akakitazama kikapu chake cha uzi, kilichokuwa karibu kitupu.

"Makochi yenyewe makubwa?" akauliza.

"Makubwa, tumeyaagiza kwa mafundi wa Keko." Felicitas akainuka, akapima hewani kwa mikono. "La watu watatu litakaa hapo ulipo. Hebu sogea kidogo, dada, nikuoneshe."

Hamdiya akasogea.