Maneno Mawili Katika Chumba cha Mvuke

Jasho lilikuwa limenikauka. Nilikaa kwenye benchi la mbao katika chumba cha mvuke, nimevaa suti ya mpira na juu yake sweta mbili, na ngozi yangu ilikuwa kavu kama unga wa mahindi. Kando yangu alikuwa Rollie Petrak, niliyeishi naye chumba kimoja bwenini. Alikuwa anatema mate ndani ya kopo, kwa sababu hata mate yana uzito, na kesho yake asubuhi tungepanda mizani, na aliyezidi uzito wa daraja lake hapigani.

"Lyle," aliniambia, "ukifia humu ndani, viatu vyako vya mieleka ni vyangu."

"Havikutoshi. Una miguu ya bata."

"Nitakata vidole. Na vyenyewe vina uzito."

Tulicheka bila kutoa sauti, maana midomo ilikuwa imepasuka. Kisha Kocha Ruddock akafungua mlango. Hewa ya baridi ilitangulia mbele yake, nikaivuta kwa kinywa kizima kama mtu anayekunywa. Akanitazama juu mpaka chini, akasema bado niko mzito, nirudi kwenye baiskeli ya mazoezi. Nilinyanyuka. Ukuta ukasogea.

"Siwezi tena," nilisema.

Nakumbuka vigae vyeupe vya sakafu vikija usoni mwangu polepole, bila haraka yoyote. Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Ulikuwa msimu wa baridi ambao jimbo letu zima la Iowa, Marekani, lilikuwa linapigwa mnada kwa madeni, shamba kwa shamba. Shamba letu lilikwenda mwezi wa Novemba. Majirani waliotuletea keki mama alipokuwa mgonjwa ndio hao hao walionunua trekta yetu, huku wakitazama ncha za viatu vyao. Baba yangu, Harm Tjaden, alisimama kando ya ghala mpaka kitu cha mwisho kilipopakiwa, akamshukuru dalali, akaingia ndani akavua kofia. Wiki iliyofuata tulihamia nyumba ya kupanga mjini, na yeye akaanza kazi ya kufagia kwenye maghala ya nafaka ya ushirika. Sikumsikia akilalamika. Lakini pia sikumsikia akisema jambo lingine lolote. Kwao, watu waliotoka nyanda za pwani kule Ujerumani, maneno yalitumiwa kama chumvi, na baba alikuwa anaishi kwa chakula chapwa.

Mimi nilikuwa chuoni kwa nguvu ya mieleka. Upande wetu mtoto hujua kumwangusha mwenzake kabla hajajua kusoma, na nilipopata ufadhili mama aliwatangazia wanawake wote wa kanisani. Baada ya mnada alibaki na sentensi moja aliyoirudia kila alipoulizwa hali: "Angalau Lyle yuko chuo." Aliisema kama mtu anayegusa mfuko kuhakikisha funguo bado zipo.

Niliamka hospitalini nikiwa na dripu mkononi. Daktari alisema figo zilikuwa zimeanza kugoma, na kwamba nisirudi kupunguza uzito kwa njia ile, labda milele. Mama alikuwa amekaa kitandani, viatu vyake bado vina theluji.

"Rafiki yako ndiye aliyetupigia simu," alisema. "Yule Petrak. Alituambia yote. Jinsi ulivyoanguka, jinsi yule kocha wenu alivyosema uachwe kidogo utaamka. Alilia, Lyle. Mtoto wa watu alilia mpaka baba yako akawa ndiye anayembembeleza."

Niliporudi chuoni, kwenye kabati langu la ukumbi wa mieleka palikuwa na kipande cha plasta nyeupe kilichoandikwa jina la mtu mwingine. Viatu vyangu na taulo vilikuwa ndani ya mfuko wa takataka, umefungwa vizuri, umewekwa mlangoni. Nilikwenda ofisini kwa kocha.

Ruddock hakuwa mtu wa makelele. Alinyanyuka, akanipa mkono.

"Kijana, ilihitaji moyo kusema vile. Wengi hawathubutu."

"Kusema nini, Kocha?"

"Kwamba huwezi tena. Umeamua kuacha, na mimi naheshimu uamuzi wako."

"Mimi sikuacha. Nilikuwa nazimia."

"Ulisema mbele ya watu, Lyle. Mimi nilisikia. Petrak alisikia." Akaketi, akavuta karatasi zake karibu. "Usijivunjie heshima sasa."

Nilisimama pale huku mikono yangu ikining'inia. Katika mieleka, mtu akikushika unajua ameshika wapi: shingo, goti, kiwiko. Unatafuta mwanya. Huyu hakunishika popote.

Ilikuwa hivi: chuo hakikuruhusiwa kumnyang'anya mwanafunzi ufadhili katikati ya mwaka kwa sababu ameumia, wala kwa sababu ameshindwa. Lakini aliyejiondoa kwa hiari yake alipoteza vyote, masomo, chumba na chakula. Kwa hiyo kuumwa kwangu kungenilinda, na maneno yangu mawili yakawa yamenimaliza. Nilikuwa na haki ya kukata rufaa. Mama aliposikia neno haki alishusha pumzi, akapiga pasi suti ya baba.

Kikao kilifanyika kwenye chumba cha mikutano chenye meza ndefu na jagi la kahawa. Kamati ilikuwa ya watu watatu: mwalimu wa elimu ya miamba aliyekuwa mwenyekiti, mama mmoja wa ofisi ya ufadhili, na kijana mmoja wa ofisi ya mkuu wa wanafunzi aliyekuwa akinikazia tabasamu. Walikuwa watu wema. Nataka hilo lieleweke. Walitupatia viti, walituuliza kama barabara zina barafu.

"Bwana Tjaden," mwenyekiti alimwambia baba, "kanuni zinamruhusu mwanafunzi kuja na mtu mmoja. Ila mtu huyo hatazungumza. Samahani, ndivyo tulivyoelekezwa."

Baba akaitikia kwa kichwa. Kama kulikuwa na mtu duniani aliyezaliwa kwa ajili ya kanuni hiyo, ni yeye. Lakini nilimwona akiweka kiganja juu ya mfuko wa ndani wa koti, palipochungulia karatasi iliyokunjwa, kisha akakiondoa.

Nilieleza. Nilieleza vibaya, sauti ikinipanda na kushuka. Yule mama wa ofisi ya ufadhili aliinama mbele.

"Tusaidie kuelewa, Lyle. Uliposema maneno yale, ulitaka nini?"

"Nilitaka maji."

Alinitazama kwa huruma kabisa, akaandika.

"Lakini hukuomba maji," alisema kijana wa mkuu wa wanafunzi.

"Hapana."

"Ulisema huwezi tena."

"Ndiyo."

Kocha alizungumza kwa muda mfupi, bila kunisema vibaya hata mara moja. Alisema nilikuwa kijana mwenye bidii. Alisema angefurahi kuniandikia barua ya kunipendekeza popote nitakapokwenda. Kisha wakamwita Rollie.

Aliingia amevaa koti la timu. Mashindano ya kanda yalikuwa yamekaribia, na mashavu yake yalikuwa yameingia ndani. Midomo yake ilikuwa na nyufa nyeusi. Hakunitazama. Aliutazama mkono wa kocha uliokuwa mezani, umetulia, karibu na kikombe.

"Ulisikia Lyle akisema nini?" mwenyekiti aliuliza.

"Alisema hawezi tena."

"Kwa maoni yako alimaanisha anaiacha timu?"

Rollie alilamba midomo. Ulimi haukuwa na mate, nilisikia mkwaruzo.

"Sijui alimaanisha nini, bwana. Kulikuwa na joto. Sikumbuki vizuri."

Mwenyekiti akanigeukia. "Una haki ya kumuuliza shahidi."

Swali nilikuwa nalo. Lilikuwa moja tu, na lilikuwa jepesi: jioni ile ulimpigia nani simu, na ulimwambia nini? Angelazimika ama kusema ukweli mbele ya mtu ambaye kila mwaka ndiye aliyeamua kama ufadhili wake utaendelea, au kudanganya mbele ya baba yangu, aliyembembeleza kwenye simu. Baba yake Rollie alikuwa amekufa. Mama yake alikuwa anaosha vyombo kwenye mkahawa wa shule huko kwao. Nilitazama zile nyufa za midomo. Nilijua zinavyouma ukitabasamu.

"Sina swali," nilisema.

Kiti kikasukumwa nyuma yangu.

"Lakini huyu ndiye aliye..."

Baba alikuwa amesimama. Sijui nani alishtuka zaidi, kamati au yeye mwenyewe. Uso wa Rollie ulikuwa mweupe kama plasta.

"Bwana Tjaden," mwenyekiti alisema kwa upole. "Tafadhali. Najua ni vigumu."

"Ni jambo dogo tu."

"Nikikuruhusu wewe, kesho nitamruhusu kila mzazi. Kanuni hizi zinamlinda mwanao pia."

Baba alinitazama. Nilitikisa kichwa. Alibaki amesimama kidogo, kofia mikononi, akiigeuza ukingo kwa ukingo, kisha akaketi taratibu. Mwenyekiti alimshukuru.

Jibu lilikuja kwa posta. Kamati haikuwa na mamlaka ya kupima ufundishaji wa kocha, ilikuwa na mamlaka ya kuangalia kama utaratibu ulifuatwa, na utaratibu ulifuatwa. Nilikuwa nimepewa taarifa. Nilikuwa nimesikilizwa. Waliniandikia "umesikilizwa," na nilikaa na neno hilo muda mrefu nikijaribu kuelewa limekosewa wapi, kwa sababu halikuwa uongo.

Nilifanya kazi kwenye machinjio ya nguruwe, baadaye nikaendesha lori la maziwa, nikaoa, nikapata mabinti. Chuo sikurudi. Figo moja hunisumbua kukiwa na baridi kali. Rollie alishinda kanda mwaka ule, na mwaka uliofuata goti likateguka. Kocha alimpa mkono na yeye. Nilisikia kwa watu, maana hatukuzungumza tena, si kwa ugomvi. Kila mmoja alikuwa akimhurumia mwenzake kiasi kwamba hatukujua pa kuanzia.

Lakini nikikumbuka siku ile, si kikao kinachonijia. Ni safari ya kurudi. Tulikuwa kwenye pikapu ya baba, mashamba pande zote meupe, mabua ya mahindi yamechomoza juu ya theluji kama ndevu za siku mbili. Tulikuwa tumeipita miji kadhaa midogo.

"Kwa nini hukumuuliza?" alisema hatimaye.

"Wangemtoa na yeye."

Alifikiri. "Ndiyo," alisema. "Wangemtoa."

Tukaenda. Kisha, macho yakiwa barabarani, baba akakohoa kusafisha koo.

"Waheshimiwa wa kamati," alisema.

Nilimgeukia. Hakunitazama. Sauti haikuwa ya kwake, ilikuwa ya kanisani.

"Waheshimiwa wa kamati, mimi ni Harm Tjaden. Ni baba wa Lyle. Sikuwepo mle ndani, kwa hiyo sijui kocha alisikia nini. Namjua huyu kijana. Hajawahi kuacha kitu." Alikuwa mtu mkweli. "Aliwahi kuacha piano. Lakini mwalimu alikuwa mkali, na sisi wazazi tulikubali. Zaidi ya hapo, hapana. Siku shamba letu lilipouzwa alitaka kuacha shule arudi kutusaidia, na mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia abaki kule, kule ni salama."

Kioo kilianza kuingia ukungu, akakipangusa kwa mkono wa koti.

"Nilikuwa na mengine," alisema. "Nilikuwa nimeyapanga vizuri kuliko hivi."

"Ni mazuri, Baba."

"Basi, nimemaliza. Asanteni kwa kunisikiliza."

Tulifika kwenye njia panda ya kuingia mjini kwetu. Hapakuwa na gari mbele wala nyuma, nchi yote ilikuwa tupu mpaka upeo wa macho. Baba akapunguza mwendo, akawasha taa ya kuonyesha kwamba anakata kushoto, akangoja kidogo, ndipo akakata.