Ushahidi wa Ciarunji

Ciarunji alikuwa akipepeta ndengu mlangoni alipomwomba bintiye maji, na ombi hilo likatoka kwa lugha ambayo haijasemwa na mtu yeyote kwa zaidi ya miaka elfu moja. Angeline aliona mkono wa mama yake umenyooshwa, akaleta kikombe. Hadi jioni Kimbeere, lugha yake ya kuzaliwa, kilikuwa hakijarudi, wala kile Kiswahili kidogo cha soko la Siakago. Jirani alimgusa shingo, akasema afadhali si malaria.

Kilichomsumbua Angeline ni Alhamisi. Siku hiyo wazee wa mbari, yaani wa ukoo, wangekuja kusikiliza kesi ya shamba. Mume wa Ciarunji alipofariki, shemeji yake, Ireri, aling'oa minyaa ya mpakani na kupanda mingine karibu na mlango wa mjane, akausogeza mpaka. Aliyemwona ni Ciarunji peke yake.

Angeline alimrekodi mama yake kwa simu, akatuma sauti hiyo kwa kila mtu aliyemdhania angeweza kusaidia. Jibu lilitoka Meru mjini, kwa Daktari Mwongera, mhadhiri wa isimu. Alhamisi alifika na vinasa sauti.

"Hiki ni Kitokari," aliwaeleza wazee, waliokuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki kando ya shamba. "Kilisemwa jangwani, magharibi ya Uchina. Kigiriki, Kihindi, hata Kiingereza ni ndugu zake, wote wa mama mmoja. Hiki kiliwaacha wenzake mapema, kikaenda mashariki, kikafia huko."

"Kumbe ni wa ukoo wa Wahindi," Ireri alisema. "Basi aende akadai shamba kwao."

Wazee walicheka kidogo. Mwenyekiti akamwambia Ciarunji aseme.

Alisema kwa muda mrefu. Alitembea hadi mahali minyaa ya zamani ilipokuwa, akapiga magoti, akachimba kwa vidole mpaka akatoa kipande cha mzizi ambacho bado kilitoa utomvu mweupe. Alikiinua mbele ya Ireri, akaendelea kusema. Ireri alitazama viatu vyake.

"Daktari, anasema nini?" mwenyekiti aliuliza.

Mwongera alikuwa amefumba macho. "Anasema vizuri sana. Sauti hizi tulikuwa tunazikisia tu kutoka kwa maandishi."

"Lakini anasema nini?" Angeline aliuliza.

"Nadhani naelewa. Ila siwezi kuthibitisha kabla wenzangu wa Ujerumani hawajapitia."

"Daktari, tafadhali. Hata kidogo tu."

"Pole, dada. Nikikosea nitakuwa nimeharibu kazi."

Wazee walinong'onezana. Kwa desturi yao, ushahidi ambao wazee hawakuuelewa huhesabiwa kuwa haujatolewa. Wakampa Ireri shamba, wakanywa uji, wakaondoka.

Tafsiri ilikuja baada ya msimu wa mvua, imechapishwa vizuri. Mwongera aliwasomea: hapa ndipo baba mkwe alipopanda minyaa nikimwona, Ireri aliing'oa tukiwa bado matangani. Wazee walisikiliza hadi mwisho. Mwenyekiti alimshukuru kwa kazi safi. Akasema ni kweli, wengi wao walijua hivyo tangu mwanzo, lakini kesi ilikwisha.

Mwongera aliendelea kuja kumrekodi Ciarunji. Angeline alikaa nao, akajifunza. Jioni moja mama yake aliinua macho kutoka kwenye ungo, akatazama ndengu zilizokuwa zikitoa maua ng'ambo ya mpaka mpya, akauliza ni za nani.

Angeline alielewa kila neno. Akamjibu kwa lugha ileile kwamba ni za Ireri, kisha akaenda kuleta maji.