Kufua Mwendo wa Bundi

Jana usiku, nikiwa nimelalia ubavu kwa ajili ya goti, niliota ninafua mwendo wangu kwenye beseni.

Haukuwa mwendo wa kwendea dukani. Ulikuwa ule wa ulingoni, mwendo wa Bundi wa Kilosa: hatua mbili za upande, kusimama, kugeuza kichwa taratibu, hatua moja mbele. Miaka kumi na moja nimeingia nao kwenye mieleka na ukumbi mzima ukanyamaza. Sasa ulikuwa majini, mweusi, mzito kama blanketi.

"Sugua kwenye visigino," mke wangu aliniambia. "Hapo ndipo uchafu unapokaa."

Nilikuwa nafua kwa sababu ya kifungu cha kumi na moja. Mkataba wa kampuni unasema jina, barakoa, mlio na mwendo wa mchezaji ni mali ya kampuni, na akiondoka atavirudisha vikiwa safi. Nilitia saini nikiwa kijana, bila kusoma. Mwezi uliopita, nikiwa macho kabisa, nilimwomba meneja wetu, Bwana Kasembe, nipumzishe goti. Akasema mimi naweza kupumzika, ila Bundi hapumziki. Nikagoma kucheza. Jumatatu iliyofuata nikaona bango jipya: barakoa ileile, manyoya yaleyale, lakini mabega yalikuwa ya Laurenti.

Laurenti nilimfundisha mimi. Somo la kwanza kabisa, kabla hata hajajua kuanguka, lilikuwa la mkono. Ukinyanyuliwa juu, shingo yako iko kwa mwenzako, basi unambana vidole mara mbili: upo? Naye anakubana mara moja: nipo. Asipokujibu, unamng'ang'ania mpaka akushushe polepole. Watazamaji hawaoni kitu. Tangu bango lile lilipobandikwa, Laurenti amenipigia simu kila siku, na kila siku nimeiacha iite.

Basi nikaukamua mwendo wangu, nikauanika, ukakauka hapohapo, nikaupeleka stoo ya kampuni. Mtunza stoo, Bi. Siwema, aliukunjua mezani na kuukagua kwenye mwanga.

"Mwendo mmoja," akasema huku akiandika. "Umechakaa goti la kulia. Mlio uko wapi?"

Nikafungua mdomo. Akauchomoa mlio wangu kwa vidole viwili, akautia kwenye chupa ya chai na kukaza kifuniko. Ukalia mara moja humo ndani, kisha ukatulia.

"Sasa nitatembeaje?" nikamuuliza. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba.

"Chukua huu wa akiba, mwanangu. Ni wa mwalimu mkuu mstaafu. Mikono unaiweka nyuma." Akanitazama mikononi. "Kuna kingine cha kampuni umebaki nacho?"

Nilikuwa nimefumba kiganja. Ndani yake niliificha ile bana-mara-moja, ambayo haimo kwenye kifungu chochote. Nikasema sina.

Barakoa yangu ilikuwa kwenye rafu, juu ya gunia la chaki. Ikaniona, ikageukia ukutani.

"Hata salamu?" nikaiuliza.

"Usianze, Zakayo," ikasema. "Laurenti ana kichwa kidogo. Napata hewa. Na anajipaka mafuta ya nazi."

"Mimi nilikushona kwa mkono wangu. Nilikushona mara tatu."

"Ndiyo. Na kila mara ulinishona ukinung'unika."

Nisidanganye, roho iliniuma. Kazi kuchukuliwa nilikuwa nimeshazoea, na Kasembe sikumtegemea tangu zamani. Lakini kusikia kitu changu kinasifia mafuta ya mtu mwingine, hilo sikuwa nimelizoea.

Natoka stoo na mikono nyuma. Mlango wa stoo unafungukia sebuleni kwangu.

Bundi wa Kilosa amekaa kwenye kiti changu. Mke wangu anamwekea chai, na anamimina kutoka kwenye chupa ile ya Bi. Siwema, kila kikombe kikilia kama bundi. Binti yangu Tumpe amemlalia mapajani na kumwita baba. Bwana Kasembe yuko kwenye kochi, mkataba magotini.

"Kiti hakimo kwenye mkataba," ninamwambia.

"Hakimo," anakubali Kasembe. "Lakini Bundi akiwa nyumbani hukaa hapo. Tumewauliza majirani."

Ninamgeukia mke wangu. Ananikaribisha vizuri sana, kwa adabu zote anazowafanyia wageni, na kuniuliza kama nitakaa kwenye mkeka au nina haraka.

"Mama Tumpe, ni mimi."

"Tunashukuru kwa kutembelea, mwalimu," anasema.

Hapo nikataka Laurenti aumie. Ninasema kama nilivyohisi. Sikutaka ashindwe, maana kushindwa kwetu hupangwa asubuhi kwa kalamu. Nilitaka aumie hasa.

Mkeka unainuka, kamba zinapita dirishani, na sebule ni ulingo. Majirani wamejaa mpaka jikoni. Kasembe anapuliza filimbi na kusoma mwisho uliopangwa: nitamnyanyua Bundi, nitamzungusha mara tatu, nitamweka chini, kisha atanishinda.

Ninamnyanyua. Ni mwepesi, na kweli ananukia mafuta ya nazi. Ukumbi unaita, "Bundi, Bundi," na macho yote yako juu, kwake. Hakuna hata jicho moja lililobaki chini kwangu.

Mkononi mwangu vidole vinabanwa mara mbili.

"Usijibu," barakoa inanong'ona kutoka juu. "Mwachie upande wa kushoto. Nitarudi kwako leo hii."

Vinabanwa tena mara mbili. Ananing'ang'ania kama nilivyomfundisha, anasubiri nimshushe. Jibu lake ninalo kiganjani, nimelificha tangu stoo, lina joto kama yai lililotagwa sasa hivi. Navibandua vidole vyake, kimoja kimoja, halafu naachia.

Laurenti anaanguka kwa shingo, upande wa kushoto. Hakuna mlio wowote. Barakoa inaruka na kunivaa usoni, nami nafungua mikono nishangiliwe. Inanibana masikio. Matundu ya macho hayakai penye macho yangu. Imeshazoea kichwa chake.

"Samahani," inaniambia. "Nilidhani ingewezekana."

Ukumbi umenyamaza kimya kile nilichokizoea miaka yote, ila safari hii nakisikia gizani, sioni mtu.

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka, mke wangu anafagia nje, goti linauma kama kawaida. Kiganja cha kulia nilikuwa nimekifumba kwa nguvu, nikashindwa kukifungua mpaka nikasaidiwa na cha kushoto. Ndani hamkuwa na kitu. Kilinukia mafuta ya nazi, ambayo nyumbani kwetu hatutumii.

Simu ikaita. Ilikuwa namba ya Laurenti. Nikapokea.

"Shikamoo, kaka Zakayo. Samahani kukusumbua mapema. Nimeamka shingo haigeuki kabisa."

"Upande gani?"

"Kushoto. Na nina mchezo kesho. Wale wengine hawajui ule mkono wako, kaka. Wananinyanyua tu."

Nilikaa kitandani. Nikaona nimuulize lile lililokuwa linanisumbua.

"Barakoa inakubana?"

"Hapana, kaka. Imenikaa sawasawa, kama nimezaliwa nayo."

Wivu ukanipanda upya, uleule wa ndotoni, mpaka masikio yakapata moto. Nje ufagio ulisimama.

"Kaka," Laurenti akauliza, "upo?" Akangoja. "Kaka, upo?"

Nilikitazama kiganja changu.

"Nipo," nikasema. "Usimruhusu mtu akunyanyue. Nakuja."