Jeneza la Kwenda Relini

Kahigi alikufa kwa homa akiwa kwenye gengi la matengenezo ya reli, katika nyika kavu kati ya Tabora na Manyoni. Kiberenge ambacho kingempeleka mjini kilikuwa kibovu, na joto la kule halingoji mtu, kwa hiyo wenzake walimzika palepale pembeni ya mataruma. Bintiye Evodia alikuwa bado anasoma shule ya msingi. Sasa yeye ni mwalimu wa sekondari na anaishi Kahororo, mjini Bukoba. Mama yake, Kokuberwa, alibaki Kamachumu, wilayani Muleba, kwenye kibanja, shamba la nyumbani, ambamo wazee wote wa ukoo wamelala chini ya migomba, isipokuwa mume wake.

Mwaka huu Evodia aliamua kumrudisha baba. Alihangaikia kibali cha kufukua kaburi mpaka akakipata, kisha akamtafuta Uledi, mzee wa Tabora aliyefanya kazi gengi moja na marehemu. Mzee alimweleza njia kwa simu. Kutoka Muleba wangepita Biharamulo na Kahama hadi Tabora. Kutoka hapo angewaongoza yeye mwenyewe, kwanza kwa barabara kuu, halafu kwa njia ya mchanga inayofuata reli, ambako huoni nyumba wala kisima, na treni hazisimami tena. Alisisitiza wabebe maji ya kunywa na ya rejeta, mafuta ya akiba, matairi mawili ya ziada, koleo, na mbao za kuweka chini ya magurudumu. Pia wasithubutu kwenda baada ya mvua kuanza.

Gari lilikuwa la Kagaruki, mdogo wake Evodia, anayenunua samaki kutoka kisiwa cha Goziba na ana ghala Muleba mjini. Alikuja Kahororo, wakatandaza ramani mezani. Kagaruki alikubali kila kitu, ila alitaka jeneza liwe kubwa, la mtu mzima. Evodia alimwambia mifupa ya miaka mingi hivyo inatosha kwenye sanduku dogo. Kagaruki akasema baba hawezi kurudi nyumbani kama mzigo wa mihogo. Evodia aliguswa sana na maneno hayo. Usiku ule alimsifia mdogo wake kwa mumewe.

Siku mbili kabla ya safari alikwenda Muleba kupima kama jeneza litaenea kwenye keria. Kagaruki alikuwa mwaloni, kunakoshushwa samaki, na mlinzi, aliyemfahamu, akamfungulia ghala. Jeneza lilikuwa juu ya meza, limepakwa vanishi, msalaba ukiwa umepigiliwa vizuri kifunikoni. Harufu ya samaki mle ndani aliitarajia. Lakini alipolisogelea jeneza akakutana na harufu nyingine, nzito, tamu ya kuoza, na inzi walikuwa wamejipanga kwenye ufa wa kifuniko.

Alikifungua. Ndani mlijaa mabondo, vile vibofu vya sangara vinavyouzwa nje ya nchi, yamepangwa tabaka kwa tabaka. Ya juu yalikuwa yamekauka, ya chini bado mabichi, yanateleza, yametoa ute wa manjano ulioloweka kitambaa cheupe alichokinunua yeye Evodia kwa ajili ya baba. Funza walikuwa wanatembea kwenye pindo la kitambaa. Alitoka nje, akatapika ukutani.

Kagaruki alipofika hakukana. Alisema kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la kawaida kwamba mzigo huo hauna kibali, na kuna mnunuzi anausubiri Tabora. Kwenye vizuizi hakuna askari atakayefungua jeneza mbele ya mama yao, mjane anayesafiri nalo.

"Tungeshusha Tabora, tukaliosha, tukaendelea," alisema. "Tata angelala safi," aliongeza, akimtaja baba kwa Kihaya.

Evodia hakuweza kumtazama usoni. Aliangalia mikono ya Kagaruki, kucha zenye magamba, akafikiri kwamba ndiyo mikono iliyokuwa ibebe mifupa. Aliondoka, akaenda moja kwa moja Kamachumu.

Alimkuta mama yake jikoni anamenya ndizi. Alikaa kwenye kigoda, akamsimulia yote, akimpunguzia habari za funza. Kokuberwa aliendelea kumenya mpaka simulizi ikaisha.

"Alikwisha kuniambia," alisema. "Nilimwambia atandike majani ya migomba chini, mabondo yasiguse ubao."

Evodia alidhani hakusikia vizuri.

"Mwanangu, nimezeeka. Anayenipeleka ni yeye mwenye gari. Nifanye nini?"

Kichefuchefu kilimrudia Evodia, na safari hii hapakuwa na harufu yoyote ila ya moshi na maganda ya ndizi. Alimwambia mama yake kwamba jeneza lile halitamgusa baba, na wala hawatapanda gari lile. Mama alikubali, lakini akaweka sharti lake: mifupa lazima ichukuliwe na mrithi, na mrithi ni Kagaruki. Kuhusu hilo hakutaka mjadala.

Basi mumewe Evodia akaazima gari la rafiki yake, fundi akachonga sanduku dogo la mninga, na wakaondoka wote wanne. Evodia alikaa mbele, akaacha dirisha wazi mpaka Biharamulo ingawa vumbi lilimjaa kooni. Nyuma, mama yake alisinzia, kichwa chake begani kwa Kagaruki. Njia ilikuwa kama Uledi alivyosema. Walikwama mchangani, mbao zikawatoa, na mzee akaliona kaburi kwa rundo la kokoto za reli. Kagaruki aliingia shimoni na kutoa mifupa mmoja mmoja, analia. Evodia alishindwa kujua machozi yale yalikuwa ya nini.

Walimzika Kahigi kibanjani, padri akiongoza ibada. Watu wa Kamachumu walikunywa rubisi, pombe ya ndizi, wakasema ukoo ule una bahati kuwa na mtoto wa kiume wa namna ile, aliyeivuka nyika kumfuata baba yake. Mzee mmoja alisimama akamkabidhi Kagaruki mkuki wa baba, na wanawake wakapiga vigelegele. Kokuberwa naye alipiga, uso unang'aa, akimtazama binti yake ili naye aitikie.

Evodia alifumba mdomo. Aliinuka, akazunguka nyuma ya jiko, akatema mate kwenye majivu.