Fundo la Isale

Eunike alingoja kiangazi kizima magoti yake yapate nafuu. Yalipopata, aliwaambia wanawe wawili, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba anataka kwenda kutembea Momella. Hakuna mtu aliyekuwa anakwenda kumtembelea huko. Alitaka kutembea kwa miguu mlimani, ayaone maziwa, arudi.

"Kutembea hivyo hivyo tu, mama?" Elieza aliuliza. "Kama Wazungu?"

"Kama Wazungu. Si mnasema siku hizi kila kitu ruksa?"

Elieza akacheka, akasema atampeleka kwa pikapu. Hakuambiwa kwamba dada yake Hedwiga atakuwepo. Hedwiga naye hakuambiwa kwamba kaka yake ndiye dereva. Eunike hakusema uongo, ila kuna maswali hakuulizwa, naye hakuona haja ya kuyajibu.

Basi Jumamosi asubuhi Elieza akafika Nkoaranga na ile pikapu anayobebea matenga ya nyanya kwenda soko la Kwa Mrombo, akamkuta Hedwiga ameketi jikoni kwa mama, kapu la chakula miguuni, na binti yake Nancy pembeni. Walikuwa wametoka kwao Sokon One, mjini Arusha, jana yake. Elieza akasimama mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba.

"Shikamoo mjomba," Nancy alisema.

"Marahaba, mama."

Hedwiga akainama kufunga kamba za viatu, na kamba zenyewe zilikuwa zimeshafungwa.

Ugomvi wao ulianzia kwenye kahawa. Mzee Aminieli, baba yao, alipanda ile mibuni kwa mikono yake na kuitunza maisha yake yote. Alipofariki, bei ya kahawa ilikuwa imeanguka hata watu wanachoka kuichuma, na Elieza, kabla nyasi hazijaota kaburini, akaing'oa, akapanda nyanya. Hedwiga akaja, akaona. Akasimama mbele ya ukoo wote akasema, "Umemzika baba mara ya pili." Elieza naye akajibu neno ambalo Eunike angelipa chochote lirudi mdomoni: "Wewe umeolewa Uchagani. Shamba hili halikuhusu."

Tangu hapo Krismasi mbili zimepita. Moja alikuja Elieza, nyingine alikuja Hedwiga. Kukutana hawakukutana, na Eunike alikula nyama na mtoto mmoja huku akimsikiliza yule asiyekuwepo.

Dawa ilikuwepo, tena iliota pale pale uani. Kwa Wameru, mtu aliyekosa huchukua jani la isale, akalifunga fundo, akampelekea aliyemkosea. Halina maneno mengi. Maana yake ni nimekosa, nisamehe, na anayeletewa hakatai. Lakini jani hilo halitumwi na mama. Lazima litoke kwa mkosaji mwenyewe, na hapo ndipo kazi ilipokuwa, maana kila mmoja alikaa kwake akingoja isale ya mwenzake.

Waliondoka. Mbele kulikuwa na nafasi ya wote, wakijibana, lakini Hedwiga akapanda nyuma, akaketi juu ya tenga lililopinduliwa, khanga kichwani. Nancy akamfuata mama yake. Njiani alikuwa akipunga jani refu la kijani kufukuza inzi waliofuata harufu ya nyanya. Eunike alimwona kwenye kioo cha pembeni. Jani la isale. Mtoto wa mjini hachagui, aliwaza. Kwake hilo ni jani kama majani mengine.

Getini Momella walipewa askari wa hifadhi, kijana Mmasai aitwaye Lerionka, bunduki begani, kwa sababu kule kuna nyati. Alimwamkia Eunike, akamwita koko, yaani bibi, kisha akamtazama Nancy.

"Hilo jani umelitoa wapi? Huku ndani hata jani moja hatuchumi."

"Nimelitoa kwa bibi."

"Una risiti?"

Nancy akamtazama mama yake kwa hofu. Lerionka akacheka, akatangulia.

Walikatiza uwanda wa nyasi ambako nyati walisimama mbali, weusi kama mawe, wakiwatazama bila haraka. Kisha njia ikapanda kuelekea maporomoko ya Tululusia, ikawa ya mizizi na mawe makali, na Eunike akawa anaweka fimbo kwanza, mguu baadaye. Hakuona tabu. Alikuwa amebeba kuni milimani tangu utotoni, na mlima ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni yeye.

Nyuma yake mazungumzo yalikwenda hivi.

"Nancy," alisema Hedwiga, "mwambie mjomba wako hapo pana utelezi, ampe bibi mkono."

Mjomba mwenyewe alikuwa hatua mbili tu mbele yao.

"Mjomba, mama anasema umpe bibi mkono."

"Mwambie nimeona."

"Mama, mjomba anasema ameona."

"Mwambie kama ameona mbona hampi?"

Lerionka akageuka. "Koko, hawa wanao wanaongea kwa posta?"

"Kwa posta," Eunike alisema. "Na stempu ni huyu mtoto."

Hakuna aliyecheka isipokuwa Nancy, ambaye hakuelewa lakini alipenda kuitwa stempu.

Walipofika juu, mahali ambapo maji yanaanguka toka kwenye mwamba na upepo wake unalowesha uso, wakageuka kutazama walikotoka. Maziwa yalikuwa chini kule, moja la kijani, jingine la rangi ya chuma, na ukingoni mwa moja mstari wa waridi wa ndege aina ya heroe. Eunike akaketi juu ya jiwe. Akamwonyesha Nancy kwa fimbo.

"Pale, nikiwa kama wewe, tulikuja na mama yangu kuchota magadi. Tulitembea toka nyumbani mpaka pale, tukalala njiani kwa watu, tukarudi na mizigo kichwani. Hapakuwa na geti wala askari."

"Na nyati?"

"Nyati walikuwepo. Tuliimba, wakatupisha."

"Mlikuwa mnaimba vibaya," Elieza alisema, na Eunike akamtishia fimbo. Aliona mdomo wa Hedwiga ukitaka kucheka kisha ukajizuia.

Ikafika saa ya kula. Hedwiga alikuwa amepika kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, alichojifunza kwa wakwe zake Machame, akakifunga mafungu mafungu kwa majani ya mgomba. Akampa mama yake. Akampa askari. Elieza alikuwa amekwenda kuketi peke yake karibu na maji, amewapa mgongo. Hedwiga akalitazama fungu lililobaki. Hata hivyo hakuwa mtu wa kumnyima mtu chakula.

"Nancy, mpelekee mjomba wako."

Nancy akalipokea. Jani la mgomba lilikuwa limepasuka, kiburu kinatokeza. Mtoto akasimama kidogo, akafikiri, akalitoa lile jani la isale kiunoni alikokuwa amelichomeka, akalizungusha kwenye fungu na kulifunga kama anavyofunga kamba za viatu vya shule. Halafu akaenda.

Eunike aliona yote. Kinywa kilifunguka amwite, kikabaki wazi. Alijua kitakachofuata. Elieza ataona isale imetoka kwa dada yake, ataipokea, na Hedwiga atasema sikuituma. Isale iliyokanwa ni mbaya kuliko isale ambayo haikuletwa. Baada ya hapo hakutakuwa na Krismasi ya mtu mmoja mmoja. Hakutakuwa na Krismasi. Akitaka kuzuia, azuie sasa. Lakini Nancy alikuwa ameshanyoosha mikono, na Elieza ameshapokea.

Elieza akalitazama fungu. Hakulifungua. Aliliweka magotini, akakaa nalo muda, maji yakianguka. Halafu akavua kofia, akainuka, akaja polepole juu ya yale mawe mpaka mbele ya dada yake, fungu mikononi.

"Hedwiga," alisema. Lilikuwa jina ambalo Eunike hakulisikia mdomoni mwake kwa miaka miwili. "Nimepokea. Ila si wewe uliyepaswa kuleta. Neno langu lilikuwa baya zaidi."

Hedwiga akaitazama isale. Akamtazama mama yake. Eunike akatazama maziwa, kwa sababu hakuamini uso wake mwenyewe.

"Nimelifunga mimi, mjomba," Nancy alisema kwa fahari. "Jani lilipasuka."

Lerionka, ambaye alikuwa anakula, akaacha kutafuna. Elieza akainamisha kichwa kama alivyokuwa akifanya utotoni alipokamatwa akiiba sukari, na mikono yake ikaanza kushuka, fungu likishuka nayo.

Hedwiga akanyoosha mkono akalichukua.

Eunike akafumba macho. Basi, akawaza, imekwisha.

Alipofumbua, Hedwiga alikuwa amepiga magoti juu ya jiwe. Alikuwa analifungua lile fundo la mtoto, vitanzi vyake viwili kama vya kiatu, taratibu, asilichane jani. Alilinyoosha juu ya paja. Halafu akalifunga upya, fundo moja lililokazwa katikati, ncha mbili zikitazama mbele, jinsi mzee Aminieli alivyowafundisha wakiwa wadogo, walipopigana na watoto wa jirani. Akainuka, akampa kaka yake jani na chakula kwa mikono miwili.

"Nilikuaibisha mbele ya watu," alisema. "Nimekosa."

"Na shamba ni lako pia," Elieza alisema. "Njoo tu. Hata ukitaka kupanda kahawa, chagua upande."

"Nani anataka kahawa yako na bei hii?"

Elieza akacheka, akajifuta uso kwa kofia. Aliliweka jani kwenye mfuko wa shati, juu ya moyo, ncha zikitokeza nje, akaketi pale pale jirani na dada yake na kufungua chakula. Eunike alimtazama akila. Alikula tonge la kwanza, la pili, akasita.

"Hedwiga, hiki kiburu hakina chumvi."

"Kama hakina chumvi, magadi yale kule chini. Nenda ukalambe."

"Mama, unasikia anavyonijibu?"

"Msiniingize," Eunike alisema. "Ongeeni wenyewe."

Lerionka akalamba vidole, akamgeukia Nancy. "Stempu, posta yenu imefungwa. Huna kazi tena."

Walishuka jua likiwa limeinama upande wa Arusha. Walipofika kwenye utelezi, Elieza alimshika mama yake mkono wa kulia na Hedwiga wa kushoto, wakibishana juu ya kichwa chake njia ipi ni nzuri, mmoja akimvuta huku, mwingine kule. Magoti yalikuwa yanamuuma kweli kweli sasa. Hakuwaambia waache.

Kwenye pikapu Hedwiga alipanda mbele bila kuambiwa, Nancy mapajani, na Eunike akabanwa katikati ya wanawe, gia ikimgonga goti kila Elieza alipobadilisha.

"Krismasi," Eunike alisema walipokuwa wamelipita geti, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "nitahitaji sufuria ile kubwa."

"Iko kwangu," alisema Hedwiga.

"Nitaipitia," alisema Elieza.